Maudhi, Athari na Kurudi kwa Ugonjwa: Lugha ya Mabadiliko ya Dawa katika Mvurugiko wa Hisia wa Kabla ya Hedhi kwenye Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mabadiliko ya dawa na athari zake yanavyoweza kusimamiwa kwa wanawake wenye mvurugiko wa hisia wa kabla ya hedhi katika maeneo ya uchimbaji dhahabu ya Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba neno moja la Kiswahili, madhara, hubeba hali nne zilizo tofauti kitabibu na zinazodai hatua tofauti: maudhi ya kuanza dawa, athari inayoendelea, dalili za kuacha dawa na kurudi kwa ugonjwa wenyewe. Kinachozitenganisha hali hizo ni tarehe zake katika mzunguko wa hedhi kuliko sura yake. Makala inaonesha pia kwamba zebaki, malaria, kifua kikuu, njia za uzazi wa mpango na uhamaji wa wachimbaji huongeza ugumu wa kuzitenganisha. Inapendekezwa kwamba maelezo ya dawa yaambatane na istilahi nne za wazi na daftari la siku analolishika mgonjwa mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku ya Watanzania, mtu aliyeshindwa kuendelea na tiba husema, "Dawa imenikataa." Usemi huu una adabu yake. Haumlaumu mhudumu wala mgonjwa. Unaipa dawa nafsi, kisha unaiacha iamue yenyewe. Hata hivyo, kwa mtu anayetakiwa kuamua kama dozi ipunguzwe, dawa ibadilishwe au mgonjwa astahimili kwa wiki moja zaidi, usemi huo unaficha jambo la msingi, nalo ni wakati. Haumwambii dawa ilikataa siku ya ngapi tangu ianzwe, wala siku ya ngapi ya mzunguko wa hedhi.

Kwa magonjwa mengi upungufu huo hurekebishika kwa maswali mawili matatu. Kwa mvurugiko wa hisia wa kabla ya hedhi, upungufu huo unaweza kuiangusha tiba nzima. Sababu ni kwamba huu ni ugonjwa wa tarehe: unakuja, unaondoka na kurudi kwa kufuata mzunguko. Dawa ikianzwa na kuachwa bila tarehe kuandikwa, ugonjwa unaweza kudhaniwa kuwa madhara ya dawa, na maudhi ya dawa yakadhaniwa kuwa ugonjwa.

Makala hii inaliangalia tatizo hilo kwa upande wa lugha kwanza, kisha kwa upande wa tiba. Haikusudii kuchukua nafasi ya daktari. Inakusudia kuonesha kwamba uteuzi wa istilahi katika maelezo ya dawa ni sehemu ya tiba yenyewe.

2.0 Ugonjwa na Utambuzi Wake

Wanawake wengi huona mabadiliko fulani siku chache kabla ya hedhi: maumivu ya matiti, tumbo kujaa, uchovu na hasira za karibu. Hayo peke yake si ugonjwa unaozungumziwa hapa. Mvurugiko wa hisia wa kabla ya hedhi ni hali kali inayovuruga kazi, ndoa na malezi. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, uliuweka rasmi katika kundi la magonjwa ya sonona. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika Januari 2022, umeuorodhesha miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa uzazi na kuuhusisha pia na sonona.

Kwa mujibu wa mwongozo wa 2013, sharti ziwepo angalau dalili tano katika wiki ya mwisho kabla ya hedhi, zianze kupungua siku chache baada ya damu kuanza kutoka, na ziwe kidogo sana au zisiwepo kabisa katika wiki inayofuata hedhi. Angalau moja kati ya dalili hizo iwe ya hisia: hisia kugeukageuka ghafla, hasira au ugomvi, huzuni au kukata tamaa, au wasiwasi mkubwa. Zaidi ya hayo, dalili zithibitishwe kwa kuandikwa kila siku kwa mizunguko miwili au zaidi. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi, kwa kuwa mtu aliyeumia jana huona kama ameumia mwezi mzima.

Chanzo cha ugonjwa kimeeleweka vizuri zaidi tangu utafiti wa Peter Schmidt na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1998. Watafiti hao waliuzima mzunguko wa homoni kwa dawa, na wagonjwa wengi wakapata nafuu. Estrojeni au projesteroni iliporudishwa kwa kiwango cha kawaida, dalili zilirudi kwa waliokuwa na ugonjwa, ilhali wanawake wasio na ugonjwa hawakupata badiliko kama hilo. Kwa hiyo, tatizo haliko katika wingi au uchache wa homoni. Liko katika namna ubongo wa mwanamke huyo unavyoitikia mabadiliko ya kawaida. Ufafanuzi huu una uzito wa kijamii. Mwanamke anayeambiwa kwamba ana "homoni mbaya", "majini" au "roho ya ugomvi" anapewa jina lisilo na tarehe. Anayeambiwa kwamba ubongo wake huitikia kwa ukali badiliko linalotokea kila mwezi anapewa kitu anachoweza kukihesabu.

3.0 Dawa na Maana Tano za "Kubadilishiwa Dawa"

Dawa zinazoanza kufikiriwa kwa ugonjwa huu ni zile zinazoongeza kazi ya serotonini katika ubongo, kama fluoksetini, sertralini na paroksetini. Nchini Marekani fluoksetini iliidhinishwa kwa ugonjwa huu mwaka 2000. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye drospirenoni na estrojeni viliidhinishwa mwaka 2006. Fluoksetini imo pia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sifa moja ya dawa za serotonini inahitaji kusisitizwa. Katika sonona ya kawaida, mgonjwa huambiwa asubiri wiki kadhaa ndipo aone nafuu. Katika mvurugiko wa kabla ya hedhi, nafuu huweza kuonekana ndani ya siku chache. Ndiyo maana dawa inaweza kutumiwa kwa njia tatu: kila siku, katika nusu ya pili ya mzunguko tu, yaani kuanzia takriban siku ya 14 hadi hedhi inapoanza, au kuanzia siku dalili zinapojitokeza hadi siku za mwanzo za hedhi.

Kutokana na hali hiyo, kirai "kubadilishiwa dawa" kinaweza kuwa na maana tano: kuongezewa au kupunguziwa dozi, kubadilishiwa siku za kumeza, kuhamishwa kutoka dawa moja hadi nyingine, kuachishwa dawa, na kupewa dawa ileile iliyotengenezwa na kiwanda kingine, yenye rangi na boksi tofauti. Maana hii ya tano si badiliko la tiba kwa mtazamo wa mfamasia. Kwa mgonjwa aliyezoea kidonge chenye rangi mbili na sasa anapewa cheupe, ni badiliko kubwa kuliko yote, na anaweza kuanza kuhesabu madhara kuanzia siku hiyo. Mhudumu anayesema tu "tumekubadilishia" anamwachia mgonjwa achague maana peke yake.

4.0 Hali Nne Zinazoitwa Madhara

Neno madhara, lenye asili ya Kiarabu, hubeba dhana ya kuumiza na kuharibu. Athari, nalo la Kiarabu, ni alama au matokeo, yawe mema au mabaya. Maudhi ni kero inayovumilika. Wahudumu wa uzazi wa mpango nchini wamekwisha kuonesha thamani ya tofauti hizi: husema "maudhi madogo madogo" wanapoeleza kichefuchefu au matone ya damu katika miezi ya mwanzo ya kutumia njia fulani. Tofauti hiyo inaweza kupanuliwa kama ifuatavyo.

4.1 Maudhi ya kuanza

Haya ni kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuharisha kidogo, kukosa usingizi au kusinzia. Huanza saa au siku chache baada ya kidonge cha kwanza na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Hatua yake ni kustahimili kwa msaada: kumeza dawa pamoja na chakula, kumeza asubuhi kama usingizi unapotea, au usiku kama inasinziza. Anayetumia dawa kwa nusu ya mzunguko aelezwe kwamba maudhi yanaweza kujirudia kwa muda mfupi kila anapoanza tena.

4.2 Athari inayoendelea

Hii haipungui kwa kuzoea. Mfano mkubwa ni kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa na kushindwa kufika kileleni. Mwingine ni kutokwa jasho jingi. Hapa tasfida ya Kiswahili, iliyo hazina katika mazingira mengine, inaweza kuwa kizuizi. Mwanamke atasema "mwili umekuwa mzito" au "nyumbani hakuna amani", na mhudumu asiyesikiliza kwa makini ataandika uchovu au ugomvi wa ndoa. Hatua inayofaa si kustahimili bali kujadili: kupunguza dozi, kuhamia matumizi ya nusu ya mzunguko, au kubadili dawa.

4.3 Dalili za kuacha dawa

Dawa iliyotumika kila siku kwa majuma mengi ikikatwa ghafla, huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, hasira na hisia kama ya kupigwa shoti kichwani. Dalili hizi huanza mara nyingi siku mbili hadi nne baada ya kidonge cha mwisho, bila kujali siku ya mzunguko. Huonekana zaidi kwa paroksetini, ambayo hutoka mwilini haraka, na huwa chache kwa fluoksetini, ambayo pamoja na mabaki yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Hatua ni kurudi kituoni ili dawa ipunguzwe kidogo kidogo.

4.4 Kurudi kwa ugonjwa

Hasira, machozi na kukata tamaa vinavyoanza siku zilezile za kabla ya hedhi na kukoma damu inapotoka si madhara ya dawa. Ni ugonjwa ambao dawa haijaumudu, au umepata nafasi kwa sababu dawa imeachwa. Hatua yake ni kinyume cha kuacha: dozi au siku za kumeza zitazamwe upya.

4.5 Neno madhara libaki wapi?

Pendekezo hapa si kulifuta neno madhara. Ni kulihifadhi kwa yale yanayodhuru kweli, yasiyongoja tarehe wala daftari: mawazo ya kujiua, hasa kwa walio chini ya miaka 25 katika majuma ya mwanzo au dozi inapobadilishwa, kuchangamka kupita kiasi na kutolala bila kuchoka, ishara kwamba huenda mgonjwa ana ugonjwa wa hisia wa pande mbili, mzio wa ngozi na kuvimba uso, na homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa baada ya kuchanganya dawa hizi na nyingine zinazoongeza serotonini, ikiwemo tramadoli. Matukio ya aina hii yaripotiwe pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ikumbukwe kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mwanamke anayelijua hilo atajibu kwa tahadhari, kwa hiyo swali liulizwe faraghani, na lengo lake lielezwe kabla ya kuulizwa.

5.0 Mfano wa Kufafanulia

Ili kuonesha uzito wa tofauti hizi, tuchukue mfano wa kubuni. Mama K. anapika chakula karibu na makarasha huko Nyarugusu, mkoani Geita. Siku ya 15 ya mzunguko wake anaanza fluoksetini. Siku ya 16 hadi ya 19 anasikia kichefuchefu mbele ya moto na mafuta ya kukaangia. Siku ya 20 anaacha. Siku ya 25 anagombana na wateja na kuwapiga watoto. Siku ya 27 anatamani asiwepo duniani. Hedhi inaanza, na siku ya tatu yake ametulia. Anarudi zahanati na kusema, "Dawa imenikataa, tena imenizidishia hasira."

Bila tarehe, maelezo haya yanaelekea upande mmoja: fluoksetini imeshindwa, atafutiwe nyingine. Yakiwekwa kwenye kalenda, yanasomeka vingine. Kichefuchefu kilikuwa maudhi ya kuanza. Hasira ya siku ya 25 haikuwa dalili ya kuacha, kwa kuwa dawa ilitumika siku tano tu na ni ya kutoka polepole. Ilikuwa ugonjwa wenyewe, na kutulia kwake baada ya hedhi kunathibitisha. Dawa haikumkataa Mama K.; haikupata hata mzunguko mmoja wa kujaribiwa. Kauli yake kuhusu siku ya 27, ambayo ingeweza kupotea ndani ya neno hasira, ndiyo inayotakiwa kushughulikiwa siku hiyohiyo.

Kama angehamishiwa amitriptilini haraka, matatizo mapya mawili yangezuka. Kwanza, fluoksetini iliyobaki mwilini huzuia uvunjwaji wa amitriptilini na hivyo kupandisha kiwango chake katika damu. Pili, amitriptilini husinziza, jambo la hatari kwa anayefanya kazi kando ya moto na mashine. Swali ambalo lingeepusha yote haya ni fupi: "Dada, ilikukataa siku ya ngapi?"

6.0 Mazingira ya Ukanda wa Dhahabu

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na maeneo ya mikoa jirani, Shinyanga ikiwemo. Pamoja na migodi mikubwa kama Geita na Bulyanhulu, ukanda huu una wachimbaji wadogo wengi, na wanawake humo huponda mawe, huchekecha, hununua marudio, hupika na kufanya biashara. Mambo matano ya mazingira hayo yanagusa moja kwa moja usimamizi wa dawa.

La kwanza ni zebaki. Mvuke wake unapochomwa pamoja na dhahabu huweza kusababisha hasira, kukosa usingizi, kusahau na kutetemeka mikono. Dalili za hisia zinafanana na za mvurugiko, lakini zebaki haijui tarehe ya hedhi. Mwanamke ambaye wiki yake ya baada ya hedhi haina utulivu, na hasa anayetetemeka, achunguzwe kwa jicho hilo kabla ya kuongezewa dozi.

La pili ni malaria. Lumefantrini iliyomo katika dawa ya mseto hupunguza uvunjwaji wa baadhi ya dawa mwilini, amitriptilini ikiwa mojawapo. Malaria lazima itibiwe. Kinachotakiwa ni mhudumu kuambiwa dawa nyingine anazomeza mgonjwa.

La tatu ni kifua kikuu, ambacho wachimbaji na familia zao wamo katika hatari yake kubwa. Rifampisini hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Mwanamke anayetumia vidonge kwa ajili ya kutuliza mvurugiko anaweza kupoteza nafuu na kinga ya mimba kwa wakati mmoja.

La nne ni njia za uzazi wa mpango zenye projestini pekee, yaani sindano na vijiti. Baadhi ya wanawake huona hisia zao zikibadilika wanapozitumia. Zaidi ya hilo, njia hizi huweza kuikatisha hedhi au kuifanya itoke ovyo, na hivyo kuondoa alama ambayo kalenda yote imejengwa juu yake. Tarehe ya sindano nayo iandikwe.

La tano ni uhamaji. Rashi inapotangazwa, watu huhama ndani ya siku chache, kutoka Geita hadi Mbogwe au Kahama. Faili la mgonjwa halihami naye. Katika kituo kipya, ushahidi pekee wa tiba ya nyuma ni boksi tupu la dawa na kumbukumbu ya mgonjwa.

7.0 Daftari la Siku

Kutokana na maelezo hayo, chombo cha kwanza cha kusimamia mabadiliko ya dawa ni daftari la shule la bei nafuu linalokaa kwa mgonjwa. Kila siku ichukue mstari mmoja: siku ya mzunguko, damu ipo au haipo, dawa imemezwa au haikumezwa, na alama kuanzia 0 hadi 3 kwa hasira, huzuni, wasiwasi na usingizi. Pembeni yaandikwe matukio: sindano, malaria, kuchomwa kwa zebaki karibu, boksi la rangi mpya. Asiyejua kusoma anaweza kutumia vijiti vilivyochorwa au kusaidiwa na mtu anayemwamini. Jina la ugonjwa lisiandikwe juu ya jalada, kwa kuwa daftari hukaa katika vyumba vya watu wengi.

Kiswahili chenyewe kinalipokea wazo hili kwa urahisi. Neno mwezi ni gimba la angani la usiku, ni takriban siku 30 na ni hedhi. Mwanamke aliye "mwezini" tayari anahesabu. Kinachoongezwa ni kuihesabu dawa pamoja na mwezi huo. Mhudumu naye abadili jambo moja kwa wakati mmoja, na inapowezekana aupe uamuzi wake mizunguko miwili, isipokuwa panapokuwa na madhara kwa maana iliyofafanuliwa katika 4.5.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba katika mvurugiko wa hisia wa kabla ya hedhi, kosa kubwa la kubadili dawa linaweza kuanzia katika msamiati kabla ya kufika katika maabara au stoo. Maudhi ya kuanza hustahimiliwa, athari inayoendelea hujadiliwa, dalili za kuacha huponywa kwa kupunguza polepole, na ugonjwa uliorudi hutibiwa zaidi. Yakiitwa yote madhara, hatua inayobaki ni moja tu, kuacha dawa, na mwanamke hurudishwa katika siku zake mbaya bila kinga. Inapendekezwa kwamba wataalamu wa istilahi na wa afya washirikiane kuingiza majina haya manne katika maelezo ya dawa yanayotolewa zahanati na katika maduka ya dawa muhimu, na kwamba tafiti zijazo ziyapime pamoja na wazungumzaji wa Kisukuma, ambao wengi wao husikia maelezo ya daktari kwa Kiswahili na kuyaeleza nyumbani kwa lugha yao ya kwanza.